Tabaka Arobaini za Rangi ya Kucha

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi ya mayai. Naandika haya ili siku watu wakitaka kujua jambo lilianzia wapi, wasihangaike kuulizana.

Hali ilivyo. Stoo yangu ina mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine ni ya mama mkwe. Mayai ni ya mama mkwe, themanini na mawili. Stoo ni yangu na paa ni langu, kwa sababu nyumba yake imezibwa jua na ghorofa la jirani. Juu ya paa kuna paneli mbili za sola nilizozifunga kwa mikono hii. Umeme wa nyaya mtaani kwetu ni mgeni asiye na adabu: hapigi hodi, na ukishamzoea anaondoka. Kwa hiyo mayai yanaishi kwa jua langu.

Mama mkwe ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga kuku. Wako kumi na wawili na kila mmoja anataka mashine yake na paneli zake. Kasema kinagaubaga: mayai haya yakianguliwa vizuri, kazi yote ya kuwafungia sola ni yangu. Yakiharibika, ni ya Kipimo.

Kipimo ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Jina alilopewa na mama yake silijui na sina haja nalo. Anatembea na mita ya umeme shingoni kama daktari. Hawezi kukujibu salamu kabla hajaipima. Mimi sipimi. Mimi naona.

Jambo jingine, dogo. Nina miaka kumi na moja katika ndoa. Kwa miaka yote hiyo mama mkwe hajawahi kuniita mwanangu. Huniita "mume wa mwanangu". Ukitazama vizuri neno lenyewe limo, ila limezibwa na mawili mbele yake, kama nyumba yake na lile ghorofa. Sina kinyongo. Nimetaja tu.

Jumanne, 4 Juni

Mpwa wangu, binti wa dada, amekuja likizo. Anasoma fizikia chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Akili hiyo kaitoa upande wetu. Mimi niliishia kidato cha pili kwa sababu ya kutoelewana na mwalimu wa fizikia, ambaye hakupenda kusahihishwa.

Nimemuuliza anaandika nini mchana kutwa kwenye kompyuta yake. Akasema visima vya kwanta katika seli za sola. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyelitegemea jibu hilo. Nikamwambia anieleze, nione kama ameelewa.

Kaeleza hivi. Paneli haili kila mwanga. Mwanga wenye nguvu inaukamata. Mwanga dhaifu unapita zake, kama tochi inavyopenya yai lisilo na kifaranga. Sasa wataalamu wanapanga ndani ya seli tabaka nyembamba mno za aina mbili, hii juu ya ile, hamsini na zaidi, kama kurasa za kitabu. Tabaka hizo zinanasa ule mwanga uliokuwa unapotea. Chembe ya umeme inatumbukia humo kama chura kisimani. Baadaye joto linampa chura nguvu ya kuruka nje, na chura akitoka, huo ni umeme wa ziada.

Nikauliza nyembamba kiasi gani. Akasema chukua unywele, uuchane mara elfu nane. Nikauliza unywele wa nani. Akasema haijalishi. Hapo nikaona wasomi wetu wanavyolipua kazi.

Akaongeza kwamba tabaka hizo hujengwa ndani ya mashine kubwa isiyo na hewa hata chembe, atomu kwa atomu, na kwamba haiwezekani nyumbani. Hilo la nyumbani kalirudia mara mbili, ananitazama usoni. Mtoto ananijua.

Lakini mashine ni nini? Ni uvumilivu uliofungwa ndani ya chuma. Uvumilivu ninao. Haba na haba hujaza kibaba. Kwanta ni hiyo tu, wameiandika kwa herufi ngumu.

Nikiongeza nguvu ya paneli zile, mama mkwe hatakuwa na neno la kuzibia lile "mwanangu".

Jumatano, 5 Juni

Vifaa. Zinatakiwa tabaka za aina mbili, nyembamba, zinazopitisha mwanga.

Aina ya kwanza: plastiki ya kufunikia madaftari. Nimenunua marobota mawili. Muuza duka kaniuliza watoto wameongezeka lini.

Aina ya pili ilinichukua saa nzima ya kufikiri, nimesimama katikati ya saluni ya mke wangu, mteja ananitazama kupitia kioo. Ilikuwa mbele ya macho yangu. Rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Inakauka upesi, inang'aa kama kioo, na ina brashi yake humo humo. Nimechukua chupa sita saluni na kununua tano dukani. Muuza duka, yule yule, kauliza nina vidole vingapi.

Chupa kumi na moja hazitoshi paneli nzima. Nimezizimua kwa ile dawa ya kufutia kucha. Mpwa wangu kaniuliza kwa upole: dawa ya kufuta rangi, ndani ya rangi, itafanya nini? Nikamwambia ndiyo njia ya kupata wembamba. Nadhani aliandika mahali.

Alhamisi, 6 Juni

Saa moja asubuhi, kabla ya kugusa kitu, nimesoma kisanduku cha chaji: ampea mbili. Nimeandika ukutani kwa mkaa. Nani kasema sipimi.

Kisha kazi. Plastiki, rangi, plastiki, rangi. Tabaka arobaini juu ya paneli ya kushoto. Kila tabaka nimeipuliza kwa pampu ya baiskeli kuondoa hewa. (Najua. Lakini hewa ya pampu inaisukuma ile nyingine.) Magoti yote mawili yamekwaruzika kwa bati. Nzi watatu wameingia tabaka ya ishirini na sita, siwezi kuwatoa bila kurudi nyuma. Katika sayansi huwa wanatia uchafu kidogo makusudi, mpwa wangu mwenyewe kasema. Yeye hakutaja nzi, lakini hakuwakataza.

Saa sita na nusu nimeshuka nikasoma: ampea sita.

Mbili imekuwa sita. Mara tatu. Nimekaa chini kwenye ndoo.

Mpwa wangu kashauri nilinganishe saa ile ile, jua lile lile, paneli ya kushoto peke yake na ya kulia peke yake. Nikamwambia yule mwalimu wangu wa fizikia naye alikuwa hivyo hivyo, furaha ya mtu ilikuwa inamwasha.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe kaja kukagua mayai. Anafunga dirisha la stoo, anaweka yai juu ya tochi, anatazama kama anasoma barua. Sita hayana kitu. Sabini na sita yana vifaranga, mishipa inaonekana, mengine yanapiga teke. Anapotazama yai uso wake unakuwa wa mtu mwingine kabisa. Nilijikuta nami natabasamu, akaniona, akarudisha uso wake wa kawaida.

Nimemweleza kuhusu visima. Nimemweleza kuhusu chura. Nimemwonyesha mkaa ukutani: mbili, sita. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si dogo. Kisha akasema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua hutwaliwa na mwewe, na kwamba safari hii mwewe naona anapaka kucha.

Akamwambia mke wangu, mimi nikiwepo, kwamba mume wa mwanangu ana mikono myepesi, Mungu amsaidie apate kichwa cha kuishikilia.

Nimelichukua la mikono myepesi.

Jumamosi, 8 Juni

Kipimo kavuka barabara. Kapanda paa bila kualikwa, kainama juu ya kazi yangu, kakaa hivyo muda mrefu. Kauliza wale ni nzi? Nikasema ni sehemu ya muundo.

Akasoma maandishi ya ukutani. Akasema, Profesa (ananiita Profesa, na sijawahi kumkataza), hii mbili ni ya saa moja asubuhi. Hii sita ni ya saa sita na nusu mchana. Hata bati la nyumba lina moto zaidi saa sita. Akafungua daftari lake. Jumatatu iliyopita, saa sita na nusu, paneli hizi zilitoa kumi.

Nikamuuliza kajuaje. Akasema mama mkwe wangu alimwomba apite apime.

Nimeumia, nakiri. Si kwa ile kumi. Namba mtu yeyote anaweza kuiandika. Nimeumia kwamba alimwomba.

Kipimo hana ubaya, ana wivu tu. Mtu aliyezoea kupima kilichopo hawezi kukiona kinachokuja. Nikamwambia hivyo. Akajibu kwamba betri itakiona kwa niaba yake, akashuka ngazi.

Mchana huu huu nimefunika na paneli ya kulia. Arobaini na moja. Ile moja ya ziada ni ya Kipimo.

Jumapili, 9 Juni

Jua kali, anga haina hata wingu la kusingizia. Ampea mbili saa moja asubuhi. Mbili saa sita mchana. Mpwa wangu kasema angalau sasa vipimo vyangu vinalingana.

Nimepanda kutazama. Paneli zimebadilika sura, nyeupe kama maziwa ya unga yaliyokorogwa vibaya. Maelezo yapo. Mwanga umeingia, vyura wako kisimani, lakini hawana nguvu ya kutoka. Kinachotakiwa ni joto. Kasema mwenyewe: joto linampa chura nguvu.

Nimefunika paneli zote mbili kwa blanketi zito, zipate joto.

Mpwa wangu alipanda kunitafuta na kukuta fundi sola kafunika paneli za sola blanketi saa saba mchana. Alilikunja blanketi pembe kwa pembe, akashuka nalo. Kuna watu matusi yao ni usafi.

Jumatatu, 10 Juni

Wingu. Limetanda kama limepanga chumba.

Taa ya betri ilikuwa kijani wiki iliyopita. Jana njano. Leo nyekundu. Umeme wa nyaya umekatika tangu alfajiri. Mashine inataka nyuzi thelathini na saba na nusu. Inasoma thelathini na sita.

Nimepanda kubandua tabaka, kwa muda tu, kuzipumzisha. Hazibanduki. Kwa kisu, kwa maji moto, kwa kucha zangu mwenyewe. Rangi ya kucha imeshikana na plastiki na plastiki imeshikana na kioo. Nilipowaambia wateja kwamba nina mikono inayofunga kazi isifunguke nilikuwa nasema kweli tupu. Dawa ya kufutia ingesaidia. Niliimalizia ndani ya rangi.

Mke wangu kagundua habari ya saluni. Bibi harusi alikuja kupakwa kucha na hapakuwa na tone. Kaniuliza kama najua chupa zake sita ziko wapi. Nikasema ziko juu, zinafanyia kazi familia. Akauliza juu wapi. Nikaonyesha. Akatazama paa, akatazama mashine, akanitazama mimi. Akasema mayai yale si biashara tu kwa mama yake, ameyawekea jina lake rehani kwa wanawake kumi na mmoja. Akasema kwa sauti ya chini sana, na mimi sauti ya chini ya mke wangu naiogopa kuliko radi.

Mpwa wangu kashauri nivuke barabara nimwombe Kipimo paneli moja. Nikamwambia heri nitage mwenyewe.

Jumanne, 11 Juni

Wingu limeongeza mkataba.

Chupa za maji ya moto. Nimechemsha, nimejaza, nimepanga ndani ya mashine kuzunguka trei, kila nusu saa nabadilisha. Thelathini na saba. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na saba. Nimefanya hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, sikufungua karakana, sikula. Mpwa wangu kashika zamu pamoja nami bila kuulizwa. Saa kumi katamka, kama kwa bahati mbaya, kwamba mjomba ukiacha kuvumbua ni mtu wa kutegemewa. Nimemsamehe nusu ya kwanza.

Mama mkwe anakuja kukagua Ijumaa. Mpaka Ijumaa jua litakuwa limerudi.

Jumatano, 12 Juni

Naandika kwa penseli. Nimelala chali. Sababu itaeleweka.

Saa moja na nusu asubuhi mtungi wa gesi umekwisha. Mkaa nao uko ukutani, umeandika sita. Hakuna maji ya moto. Mashine: thelathini na tatu. Leo ni siku ya kumi na tisa. Vifaranga wako tayari ndani ya maganda, ukiweka sikio unasikia wanakwaruza. Wakifa leo wanakufa mlangoni.

Nilisimama katikati ya stoo nimeshika yai moja, nikahisi linapoa kiganjani, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na maelezo.

Kisha nikakumbuka: mwili wa binadamu ni nyuzi thelathini na saba. Mashine inataka thelathini na saba na nusu. Ile nusu nikavaa sweta.

Mayai sabini na sita. Kitanda futi tano kwa sita. Mpwa wangu kayaleta trei kwa trei, kayapanga ubavuni kwangu, kwapani, tumboni, kati ya magoti, kisha mablanketi matatu juu, likiwemo lile la paneli. Bahati moja: baada ya siku ya kumi na nane mayai hayageuzwi. Na mimi sigeuki.

Alipomaliza alisimama mlangoni. Akasema mjomba, sasa naenda ng'ambo, ukitaka kunikataza amka unishike. Akaenda. Wasomi wanapiga penye uchungu.

Saa tatu hodi. Sauti tatu za kike. Moja nilikuwa nimeizoea miaka kumi na moja. Mama mkwe kaleta wenzake wawili wa kikundi waione mashine ikifanya kazi.

Mke wangu yuko saluni. Mpwa kaenda. Mlango hatufungi. Nikawasikia wanapita sebuleni, wanaingia stoo. Nikasikia kifuniko cha mashine kinafunguliwa. Nimewahi kusikia kimya cha aina nyingi, kimya cha msiba, kimya cha fundi aliyekata waya sio wenyewe. Hiki kilikuwa na wanawake watatu ndani yake.

Nyayo zikaja mpaka pazia la chumba chetu. Zikasimama hapo, kwa sababu mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe, hata nyumba ikiungua. Akauliza kupitia pazia kama naumwa. Nikasema nina joto kidogo. Akauliza mayai yake yako wapi. Nikasema yako salama, mama, yamehamishiwa kwenye mtambo mwingine. Akauliza mtambo gani.

Hapo kitanda kikalia pii.

Mmoja wa wale wenzake akauliza kama ni simu. Kikalia tena, safari hii kutoka kwapani.

Alivyoingia sijawahi kuona. Alijitanda kanga mpaka machoni, akageuza mgongo, akaingia kinyumenyume, mkono mmoja nyuma unapapasa hewa, mpaka ukagusa kitanda. Mimi nimefumba macho, kwa heshima. Yeye katazama ukuta, kwa heshima. Akapitisha mkono chini ya blanketi pembeni, akagusa yai. Akauacha mkono juu yake. Akauliza, kwa ukuta, yako mangapi humo. Nikasema yote, mama. Akauliza nimekaa hivi tangu lini. Nikasema tangu saa mbili kasoro. Akauliza nimekunywa chai. Nikasema siwezi kukaa.

Alitoka akielekea mbele, ambayo ni njia yake ya kawaida.

Nilitegemea matusi. Ikaja chai, na mrija, kaishika mmoja wa wale wenzake, kageuza uso.

Kisha Kipimo. Kaingia chumbani kwangu na mita yake, kachomeka waya chini ya blanketi, kasubiri. Kasema thelathini na saba na moja. Katazama namba ile kwa muda, namna alivyowatazama wale nzi. Kasema, Profesa, usitikisike. Akapanda paa.

Kaleta paneli zake mbili na betri yake iliyojaa. Nimemsikia juu ya kichwa changu anang'oa zangu, anafunga zake, anapima, anapima tena. Mtu mwingine angemaliza saa sita. Kamaliza saa tisa. Nililala saa saba nzima na zaidi bila kugeuka, chai tumboni, na sitaandika zaidi kuhusu chai hiyo.

Mayai mawili yamepasuka, nilipopiga chafya. Najutia kila moja.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya ishirini na moja.

La kwanza lilipasuka saa kumi na mbili asubuhi. Kitu kilowevu, kibaya sana, kikatoka kikaanguka kikalala kama mlevi. Baada ya saa moja kilikuwa cha njano na kinatembea juu ya wenzake. Kufikia adhuhuri sikuweza kuwahesabu kwa sababu hawatulii.

Mama mkwe kawahesabu. Kwake wanatulia. Sabini na mmoja. Hajawahi kupata zaidi ya sitini kwenye mashine hii.

Wanawake wote kumi na wawili walikuja. Kila mmoja alichungulia stoo, kisha kila mmoja alichungulia pazia la chumba chetu. Wameanza kuniita Mtetea. Kuku mwenyewe angejivunia.

Nimewaeleza kwamba matokeo haya ni ya kihistoria na kwamba mtambo uliobadilika tangu safari iliyopita ni mmoja tu, visima. Mpwa wangu kasema visima viko nyuma ya nyumba, vimeegemezwa ukutani, vina nzi watatu. Nikamwambia vilikuwa juu siku sita muhimu. Akasema mjomba, hizo siku sita ndizo ulizotaka kuwaua. Vijana hawaoni picha kubwa.

Jumamosi, 15 Juni

Uamuzi umetoka. Mama mkwe kakaa kwenye kiti changu, mke wangu pembeni, Kipimo kasimama mlangoni na daftari.

Kazi ya kufunga sola kwa akina mama kumi na wawili ni ya Kipimo.

Nililisikia vizuri. Nilitazama kidole changu cha mguu. Mke wangu akaniwekea mkono begani, na tangu suala la bibi harusi mkono huo ulikuwa haujafika.

Lakini mama mkwe alikuwa hajamaliza. Akasema kwamba paneli mbili za Kipimo zitabaki juu ya paa langu, ni za kikundi sasa. Kwamba mashine ya pili itakuja stoo kwangu, mayai mia moja, na mtu wa kuyalinda ni mimi, kwa malipo, kwa sababu kaona mafundi wengi na wafugaji wengi lakini hajaona mwanamume aliyekubali kulala chali kwa saa saba ili kifaranga cha mtu mwingine kisipoe. Alisema haya akitazama dirisha. Kisha akanigeukia. Akaniambia:

Mwanangu, nikikuona umegusa paneli zile, nitakuvunja mikono.

Mwanangu. Peke yake. Hakuna neno mbele yake, barabara nyeupe kabisa. Miaka kumi na moja.

Mke wangu alisikia. Mpwa alisikia. Kipimo nilimwomba aandike kwenye daftari, na saa, na akaandika. Yale maneno yaliyofuata sikuyashika vizuri, yalikuwa ya kawaida, mambo ya mama na mtoto wake.

Jumapili, 16 Juni

Mpwa wangu karudi chuoni asubuhi hii. Nimembebea begi mpaka stendi. Kanikumbatia, kanishukuru, kasema nimempa sura nzima ya utafiti wake kuhusu makosa ya upimaji. Sikutaka kuringa.

Wakati tunasubiri nikamuuliza, kupoteza muda tu, baada ya visima wataalamu wanaelekea wapi. Kanitazama. Katazama barabarani kama basi linakuja. Halikuwa linakuja. Ikabidi aseme. Kuna kitu kinaitwa nukta za kwanta. Badala ya tabaka, vitone vidogo sana, mamilioni, vimetawanywa. Kila kimoja kinanasa mwanga wake. Akanishika mkono akasema haiwezekani nyumbani. Kalirudia mara tatu.

Nimerudi nikitafakari. Kosa langu lote lilikuwa ni moja: plastiki. Plastiki inaziba. Nukta haizibi kitu, pande zote za nukta kuna nafasi, mwanga unapita upendavyo. Wala si kitu cha kununua. Hakuna muuza duka wa kuuliza maswali.

Mama yangu (sasa naweza kuandika hivyo) kasema nisiziguse paneli. Nimelitafakari hilo kwa heshima zote. Kalamu ya wino ina ncha ndefu. Ukiishika kwa nyuma, mkono haugusi kitu.

Saa nne asubuhi. Jua safi. Stoo ina mayai mia moja tangu jana jioni, yana joto lake, yanapumua. Kipimo kaenda kumfungia mmoja wa akina mama sola, nimemwona akikata kona na ngazi yake.

Nimeanzia pembe ya kushoto. Nimefika nukta mia nne na kumi. Nzuri sana. Zimenyooka.